Mbwa wa Jirani na Usalama wa Mtaa

Siku ya chanjo ya mbwa inapotangazwa mtaani, iwe kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye pikipiki au kwa mjumbe anayepita nyumba kwa nyumba, watu wazima wengi huendelea na shughuli zao. Wanaojitokeza ni watoto. Huja kwa makundi, wengine bado wamevaa sare za shule, wakiwavuta mbwa kwa kamba za katani, kwa nyaya kuukuu, kwa vipande vya kitenge. Mbwa mdogo hubebwa mikononi. Afisa mifugo anayefungua sanduku lake la barafu chini ya mwembe, karibu na ofisi ya kijiji, anajua tangu asubuhi kwamba bila watoto hao angerudi na dawa yake karibu yote.

Hao wanaoshika kamba ndio hao hao ambao kichaa cha mbwa kinawaandama zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi mno wakiwa wa Asia na Afrika, na katika kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Sababu zinaonekana kwa macho. Mtoto ndiye anayecheza na mbwa, ndiye anayetumwa dukani jioni, na kwa ufupi wake meno humfika usoni na shingoni, mahali palipo karibu na ubongo. Na mara nyingi mtoto huficha jeraha, akiogopa kugombezwa kwamba alimchokoza mbwa wa watu.

Ugonjwa wenyewe hauna haraka. Virusi vilivyomo kwenye mate ya mbwa mgonjwa huingia kwenye jeraha, vikashika mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea ubongoni. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja, na inaweza kufika mwaka. Jeraha limeshafunga, mtoto amerudi darasani, mbwa mwenyewe hatajwi tena, ndipo homa inapoanza, pamoja na mwasho au maumivu pale penye kovu. Baadaye koo hubana kila mgonjwa anapoonyeshwa maji. Dalili zikishajitokeza, hospitali haina dawa ya kumponya, na karibu kila mgonjwa hufa katika siku chache. Kibaya zaidi, katikati ya mahangaiko hayo akili humrudia kwa vipindi, akawatambua ndugu waliomzunguka.

Yote hayo yangeweza kuzuiwa siku ile ile ya kung'atwa, na kinga ya kwanza ipo katika kila nyumba: sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili, hata kama meno yamechubua ngozi tu. Virusi hivi vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Pilipili, majivu na majani yaliyotwangwa havifanyi kazi hiyo, ila huchubua jeraha zaidi. Kutoka kwenye bomba au ndoo, mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho. Wazee wanaokumbuka habari za sindano nyingi za tumboni, zilizowafanya watu wakimbie matibabu, wanaweza kutulia: chanjo ya siku hizi huchomwa mkononi, na mojawapo ya ratiba zinazopendekezwa humalizika ndani ya wiki moja, kwa kuchomwa siku ya kwanza, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya siku saba. Jeraha lililotoboka na kutoa damu huhitaji pia dawa ya kingamwili, inayopigwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe. Mbwa aliyeng'ata, akikamatika kwa usalama, asipigwe mawe hadi afe. Afungwe, alishwe, aangaliwe kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata. Matibabu ya mtu hayangojei jibu hilo. Yanaendelea huku mbwa akiangaliwa.

Sindano hizi si habari mpya. Mwezi Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alisimamia matibabu ya Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyekuwa ameng'atwa na mbwa mgonjwa, na mvulana huyo akaishi. Pasteur alifariki Septemba 28, 1895, na kwa ajili yake tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 2007. Zaidi ya miaka 130 imepita, na bado mzazi wa kijijini hulazimika kuuza mbuzi ili apate nauli ya kumfikisha mtoto hospitali ya wilaya.

Hapa ndipo hesabu inapouma. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kwa familia ya kijijini, ukijumlisha dawa, nauli na siku za kazi zilizopotea, kukamilisha matibabu ya mtu mmoja aliyeng'atwa kulizidi dola 100 za Marekani. Miaka minne kabla, utafiti ulioongozwa na daktari wa mifugo Mtanzania, Magai Kaare, ulikuwa umekokotoa gharama za kumchanja mbwa mmoja katika vijiji vya wakulima wafugaji karibu na Serengeti, kwa njia ile ile ya kuwakusanya mbwa mahali pamoja. Jibu lilikuwa chini ya dola mbili. Mbwa wengi wa kijiji wangechanjwa kwa fedha inayomtibu mtoto mmoja, na mtoto huyo asingeng'atwa na mbwa mwenye ugonjwa hata kidogo.

Kwa nini basi jambo la bei hiyo linachelewa? Sababu moja ni kwamba wanaokufa hawahesabiwi. Wengi hufia nyumbani, na wengine huandikiwa malaria iliyopanda kichwani. Makadirio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya kichaa cha mbwa Tanzania karibu 1,500 kwa mwaka, wakati kumbukumbu rasmi za wakati huo zilikuwa na vifo takriban 11. Ugonjwa wenye vifo 11 kwenye daftari la serikali haupewi bajeti. Sababu ya pili iko chini zaidi, mtaani, na ndiyo inayostahili muda mrefu katika mazungumzo haya: watu wameamua kwamba mbwa ni shauri la mwenye mbwa.

Afrika Mashariki haikosi mazoea ya majirani kujilinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, waliunda sungusungu, na mtindo huo ukaenea mikoa mingi. Tanzania ina historia ndefu ya mabalozi wa nyumba kumi. Kenya nayo ilizindua mpango wake wa Nyumba Kumi mwaka 2013. Katika mitaa mingi leo kuna ulinzi shirikishi: vijana wa zamu, filimbi, tochi, mchango wa kila mwezi, daftari la wageni kwa mwenyekiti. Balozi anayejua kazi yake anaweza kusema nani amehamia nyumba ya tatu kutoka msikitini na anafanya kazi gani. Muulize katika mtaa huo kuna mbwa wangapi na wangapi wamechanjwa, atacheka.

Asicheke. Mtu anayejua mtaa wake kwa kiasi hicho tayari anajua mbwa wake pia, ila hajaombwa kuwaandika. Yule mweupe mwenye madoa analala nyuma ya mashine ya kusaga. Yule mwekundu ni wa mlinzi wa shule. Wale wanne wanaokesha buchani wana wenyewe, na wenyewe wanajulikana. Watafiti waliohesabu mbwa katika vijiji vya Tanzania walikuta jambo ambalo wenyeji hawakulishangaa: sehemu kubwa sana ya mbwa wanaozurura barabarani, wale wanaoitwa mbwa koko, wana kwao. Wanaachiwa tu watembee. Kwa hiyo wanaweza kukamatwa, kwa sharti moja: anayewaita awe mtu wanayemfahamu. Mgeni aliyetoka wilayani na gari la serikali atawafukuza hadi wamalizikie vichakani. Mtoto wa nyumba ile atapiga mluzi mara moja.

Lengo linalojulikana ni asilimia 70. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, mbwa mmoja mgonjwa hukosa wa kutosha wa kuwaambukiza, na ugonjwa hufifia wenyewe. Kuifikia asilimia hiyo mara moja hakutoshi, kwa sababu maisha ya mbwa wa mtaani ni mafupi na watoto wa mbwa huzaliwa mwaka mzima. Mtaa uliofikia lengo mwezi Septemba unaweza kuwa umeshuka sana kabla ya Septemba inayofuata, bila mtu yeyote kukosea, kwa vifo na uzazi tu. Kazi hii inataka kurudiwa kila mwaka.

Hilo limeonekana wazi Pemba kuliko karibu mahali pengine popote katika ukanda huu. Mwaka 2010, katika kisiwa hicho cha karafuu, kichaa cha mbwa kilikuwa kimezoeleka. Watafiti, wakiongozwa na Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara, walifuatilia ugonjwa huo kwa miaka kumi kwa namna ambayo inafaa kusimuliwa polepole. Walianza na mtu aliyeng'atwa. Wakamuuliza mbwa alikuwa wa nani na alitokea upande gani. Wakaenda kwa mwenye mbwa, wakamuuliza naye huyo mbwa aling'atwa na nani, lini, akawang'ata wanyama gani wengine. Kutoka nyumba hadi nyumba, shehia hadi shehia, wakachora njia ya ugonjwa, kisha wakailinganisha na vinasaba vya virusi vilivyochukuliwa kwenye mizoga. Maabara ilithibitisha, lakini sehemu kubwa ya ramani ile ilitoka kwenye kumbukumbu za majirani: mama aliyemwona mbwa akipita na mate yakimchuruzika, mchungaji aliyekumbuka siku ndama wake alipong'atwa.

Walikuta minyororo mitano tofauti ya maambukizi ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Kisha chanjo ya mbwa ya kila mwaka, iliyoanza kwa kusuasua, ikaboreshwa hadi kukifikia kisiwa kizima. Mbwa wagonjwa wakapungua, waliong'atwa wakapungua, vifo vikapungua. Kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika.

Haya yalifanyika mahali ambapo watu wengi ni Waislamu na hawamweki mbwa ndani ya nyumba, na aliyeguswa na mate yake hana budi kujitwaharisha. Kumwomba mtu wa namna hiyo atafute kamba na kumleta mbwa uwanjani ni kumwomba kazi kubwa kuliko inavyoonekana kwa mwenyeji wa bara. Waliofanya hivyo wanastahili heshima, na heshima hiyo haijatolewa vya kutosha.

Halafu chanjo ikasimama. Ugonjwa haukuwapo tena, na fedha zikaelekezwa kwingine, jambo ambalo wizara yoyote ingelitetea mbele ya kikao. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia Pemba mara mbili, kila mara kwa njia yake. Mbwa hawezi kuuogelea mkondo wa bahari uliopo kati ya Pemba na bara. Alipakiwa chomboni na mtu, pengine mtu mwema aliyetaka mlinzi wa shamba. Kisiwa kilichokuwa safi kikawaka tena, na ilibidi kampeni za kisiwa kizima zirudishwe ndipo mlipuko ukamalizika Oktoba 2018. Utafiti huo ulithibitisha pia kwamba kuwachanja watu waliong'atwa huokoa maisha kwa gharama ndogo, na kwamba kinachokata mzunguko wenyewe ni chanjo ya mbwa peke yake.

Wapo watakaouliza kwa nini mbwa wasiuawe tu, na katika mikutano ya mitaa swali hilo hupigiwa makofi. Jibu lipo katika kisiwa kingine. Mwaka 1997 kichaa cha mbwa kiliingia Flores, nchini Indonesia, kwa mbwa walioletwa na mashua. Mamlaka ziliua karibu nusu ya mbwa wote wa kisiwa hicho katika miaka michache iliyofuata. Ugonjwa ulibaki. Watu waliwaficha mbwa wao, wakawahamisha vijiji, wakaleta wengine wapya kujaza nafasi, na kila mbwa aliyehamishwa alikuwa njia mpya. Mbwa aliyechanjwa akiuawa, mtaa umempoteza askari aliyekuwa tayari zamuni. Mexico ilichagua kuchanja, kwa kampeni kubwa za nchi nzima zilizoanza miaka ya 1990, na mwaka 2019 ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba kichaa kinachotokana na mbwa hakiui tena watu wake.

Kwa vijiji vilivyo mbali na umeme, kikwazo kilichotajwa miaka yote ni baridi. Chanjo hukaa kwenye jokofu, jokofu liko wilayani, gari la wilaya halina mafuta. Wataalamu wakaamua kulipima jambo hilo lenyewe, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba chanjo moja inayotumika sana kwa mbwa ilibaki na nguvu yake hata baada ya kuhifadhiwa miezi sita kwenye nyuzi joto 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi 30. Kutokana na hilo, katika mkoa wa Mara kukajaribiwa utaratibu mwingine: chanjo zihifadhiwe huko huko vijijini, kwenye vyungu vya udongo vinavyopoa kwa maji yanayovukiza, kama mtungi unavyoyapoza maji ya kunywa, na kazi ifanywe mwaka mzima na afisa mifugo wa kata akisaidiwa na mtu aliyetoka kijijini humo humo. Msaidizi huyo si daktari. Anajua mbwa wa nani amezaa. Hapo mbwa aliyezaliwa mwezi Januari hangojei gari la Septemba.

Utaratibu huu unafaa kuigwa hata mijini, penye jokofu na daktari wa mifugo, kwa sababu kinachopungua mjini ni mtu wa kumjua mbwa. Majumba yana geti, mbwa wa ulinzi hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku, na mwenye nyumba hufikiri ukuta unatosha. Usiku geti likiachwa wazi kidogo, mbwa huyo yuko jalalani pamoja na wengine. Kijana wa kazi anayemlisha ndiye anayeona mapema kwamba leo hali chakula, anauma mawe, sauti yake imebadilika, au amekuwa mpole kupita kawaida na taya limelegea. Hali hii ya mwisho huwadanganya wengi: mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali, na asiyeweza kumeza hudhaniwa amekwamwa na mfupa. Watu huingiza mkono mdomoni kuutafuta.

Matunzo ya kila siku nayo ni sehemu ya ulinzi huu. Mbwa aliyeshiba na mwenye maji safi hazururi kwa kadiri ya mwenye njaa. Mwenye upele na kupe hukasirika upesi akiguswa. Jike lililofungwa kizazi haliwavuti madume kumi barabarani wakipigana na kung'atana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, ya mwaka 2008, inamtaka anayemfuga mnyama asimtese wala kumnyima mahitaji yake, lakini kwa mbwa wa uswahilini sheria hiyo ina uzito pale tu jirani anapozungumza na jirani. Paka nao wachanjwe, maana huambukizwa na huuma. Watoto wafundishwe, shuleni na nyumbani, kutomsogelea mbwa anayekula, aliyelala, au anayenyonyesha, na kutomkimbia anayewabwekea. Wafundishwe zaidi ya yote kusema waking'atwa, na wazazi waache kuwachapa kwa kusema.

Kamati ya mtaa inayotaka kuanza haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari lile lile la ulinzi shirikishi, kurasa chache za nyuma, na vijana wawili wa kila upande wa mtaa watakaopita jioni, wakati wenye mbwa wamerudi kutoka kazini. Waandike nyumba, idadi ya mbwa na paka, na tarehe ya chanjo ya mwisho kama kadi ipo. Orodha hiyo ipelekwe kwa afisa mifugo wa kata kabla hajapanga ratiba yake, kwa sababu afisa anayeambiwa "tuna mbwa 84, na 60 hawajachanjwa" anajua abebe dozi ngapi, na anayeambiwa "mbwa ni wengi" hajui. Siku ya chanjo awepo mtu mzima wa kuwashika mbwa wakubwa, ili watoto wasiachiwe kazi hiyo peke yao. Na watoto wa mbwa, hata wale ambao hawajatimiza miezi mitatu, waletwe vilevile. Watu huwaacha nyumbani wakidhani ni wadogo mno, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kampeni ziwachanje mbwa wa umri wote. Ndio watakaokuwa wakizunguka mtaani mwaka mzima kabla ya gari kurudi.